Kila Mheshimiwa Ana Kilo Sabini

Mwaka nilioanza kazi pale uwanja wa ndege ni ule ambao Dodoma tulikula ugali wa uwele na mlenda mkavu mchana, na jioni tukala mlenda na kumbukumbu za ugali. Mwenye gunia la mahindi kutoka Kibaigwa aliamkiwa shikamoo hata na wanawake waliomnyonyesha. Namba ya mwaka sina. Anayetaka namba akatafute kwa wenye namba. Aliyekula mlenda ule anajua ninausema upi.

Nimestaafu juzi. Ninyi vijana wa ofisini mmeniomba niandike uzoefu wangu ili muusome. Nimecheka. Nilipokuwa nausema kwa mdomo mlikuwa mmeziba masikio kwa vile vipira vya muziki, sasa nimeondoka ndiyo mnautaka kwa maandishi. Haya. Nina darasa la nne la zamani, lile la fimbo, na mkono wangu unasomeka. Mjukuu wangu Rehema, anayesoma chuo kikuu, alitaka kunisahihishia. Nikamwambia asahihishe kwanza chumvi anayotia kwenye mboga. Mambo ya vyeo sitaandika. Vyeo nilipewa vingi, hasa siku ambazo mshahara ulichelewa.

Nilikuwa nauza chai na vitumbua getini. Njaa ilipokaza mchele ukaisha, nikabaki na chai. Sukari ikaisha, nikabaki na birika. Siku moja ndege ndogo ikawa inazunguka juu haishuki, na Bwana Salumu, mwenye kampuni, amesimama nje na shati lake jeupe anapunga mikono kama aliyevamiwa na nyuki. Mbuzi walikuwa wamelala katikati ya njia ya kurukia. Bwana Salumu ni mtoto wa mjini, babu zake walikuja na misafara wakafungua duka. Mbuzi anamjua akishakuwa kwenye pilau. Nikachukua birika langu tupu nikaenda nalo nikiligonga kwa mwiko na kuwatukana wale mbuzi kwa Kigogo. Mbuzi wa Dodoma Kiswahili hawakisikii vizuri. Wakaondoka, ndege ikatua. Bwana Salumu akaniuliza, "Mama, na kesho unaweza kuja?"

Ndivyo nilivyoingia kwenye sekta ya usafiri wa anga, kama mnavyoiita kwenye semina.

Kampuni ilikuwa na ndege mbili ndogo za kukodi, chumba kimoja, meza moja yenye mguu mgonjwa, na Kapteni Juma, Mrangi wa Kondoa, rubani mwenye mvi hadi kwenye nyusi. Huyo ndiye aliyenifundisha. Kwanza alinifundisha kujibu redio ya upepo, halafu kupanga mapipa ya mafuta, halafu kupanga safari zenyewe, mpaka siku moja nikajikuta mimi ndiye ninayesema ndege gani iende wapi na nani, na yeye anachukua tu ufunguo. Hakuwahi kunifundisha kitu kwa kukaa chini. Alikuwa anafundisha akitembea huku anaigonga gonga ndege ubavuni.

"Mama Seche," aliniambia, maana kifungua mimba wangu ni Sechelela, "hii ndege ni punda wa Chemba. Punda hakwambii amechoka. Unapakia, anakubali. Unaongeza, anakubali. Akifika katikati ya mto analala. Huyu wetu mto wake uko juu, basi."

Akanifundisha na jua. Asubuhi hewa ya Dodoma ni ugali, inabeba. Ikifika saa saba mchana imekuwa uji wa mgonjwa, bawa halishibi. Kwa hiyo mzigo unaoruka asubuhi ukiimba, mchana unakwenda mpaka mwisho wa njia ukitafuta dini. Mjue kwamba hilo nililielewa siku ileile. Waheshimiwa wengine wamelipiwa shule mpaka ng'ambo na bado wanakuja saa nane wakiuliza kwa nini mabegi yao yamebaki.

Watu wanadhani kazi ya kupanga safari ni kusimama na karatasi ukitazama mawingu. Kazi yenyewe ni kuwapigia simu watu wenye adabu kupita kiasi. Viwanja vingi tulivyotua vilikuwa mashamba yaliyofyekwa, kila kimoja na mlinzi wake, na walinzi wote walilelewa vizuri mno.

"Kiwanja hakijambo?"

"Hakijambo, mama."

"Ndege inaweza kutua?"

"Inatua vizuri sana."

"Hakuna shida yoyote?"

"Hakuna shida kabisa, mama. Ila kimejaa maji."

Kwetu huwezi kumwanzia mtu na baya. Utaanza na uzima, ndipo umwambie nani amekufa. Habari ya kiwanja hukaa baada ya "ila", na wenye haraka hukata simu kabla ya "ila". Nikaacha kuuliza habari za kiwanja. Nikawa nauliza, "Umevaa nini miguuni?" Akisema kandambili, ndege inakwenda. Akisema gambuti, tunasubiri. Akisema yuko peku, namshukuru na kumwambia rubani arudi kunywa chai, maana hata gambuti zimekwama huko. Swali hilo limo kwenye kazi zenu hadi leo. Naona mmeliandika kwa maneno marefu na kulitia kwenye fremu. Hongereni.

Sasa mzani.

Bwana Salumu aliununua kwa dalali mmoja wa mahindi, mzani mkubwa wa chini wa kupimia magunia, wenye uso wa duara kama saa ya stesheni na mshale mwekundu. Ulikuja na tabia za mwenyewe: ulikuwa unampunja mkulima kila gunia. Fundi aliunyoosha. Tukauweka mlangoni pa kutokea, na kila anayekwenda kwenye ndege akapita juu yake, yeye na mkoba wake na jogoo wake. Ndege ndogo haina pa kuficha kilo. Rubani lazima ajue anabeba nini, mbele kiasi gani na nyuma kiasi gani.

Ndipo nilipowajua binadamu. Mwanamume akipanda mzani anavuta pumzi, kana kwamba kilo ziko kwenye hewa. Mwanamke anampa mwenzake mkoba, akishuka anaupokea. Mfanyabiashara anaweka mguu mmoja chini. Na waheshimiwa, Mungu awarehemu, hawapandi kabisa. Wanasimama mbali kidogo, wanatazama simu, wanasema, "Andika sabini."

Kila mheshimiwa ana kilo sabini. Nimeona wenye shingo kama kinu, wenye tumbo linaloingia mlangoni wakati mwenyewe bado yuko kwenye gari, wote sabini. Serikali ilipohamia Dodoma kwa miguu yote miwili, wakatujia sabini wengi mno. Mimi nilikuwa na jibu moja, la wote, na nilikuwa nalisema bila kunyanyua uso:

"Asiyepimwa haruki."

Wengine walinuna. Mmoja aliniambia nitafukuzwa kazi kabla jua halijatua. Nikamwambia anipe barua yake niipime, huenda nayo ni nzito. Alipanda.

Mkitaka kujua uzito wangu mimi, hamtaujua. Miaka yote ile sikuwahi kuweka hata unyayo juu ya mzani ule, na ndege sikuwahi kupanda. Wakiniuliza nasema naogopa juu. Siogopi juu. Nilikuwa na maadui wengi mno chini wanaosubiri mshale.

Nimefika kwenye safari ninayotaka kuwaeleza.

Kapteni Juma alikwisha kustaafu, rubani sasa ni Kapteni Frank, kijana mtulivu, hodari, anayeogopa ugomvi kuliko radi. Ilikuwa katikati ya mvua. Bwana Maganga, mkubwa mmoja ambaye safari zake ndizo zilizotulisha kuliko za mtu mwingine yeyote, akafiwa na mdogo wake, mwalimu Mihayo, pale mjini. Kwao ni ndani huko, upande wa Sikonge, na mama yao mzee, asiyeweza tena kutoka kitandani, alikuwa anamngoja mwanawe amshike uso kabla hajazikwa. Barabara ilikuwa imekatwa na maji, mabasi yanageuza. Mzee yule alikuwa amesema hatakula mpaka aletewe mtoto wake. Na hakuwa anakula.

Nikampigia mlinzi wa kiwanja cha huko. "Umevaa nini?"

"Mguu mmoja gambuti, mama, mwingine kandambili."

"Umelewa?"

"Hapana, mama. Upande wa kusini kuna maji, wa kaskazini kukavu. Mimi niko katikati."

Maana yake kuna kipande kifupi kikavu. Kapteni Frank akasema anakiweza, ila mzigo uwe mwepesi na ajue uzito wake kwa hakika, na atue kabla mvua ya mchana haijafunika kilichobaki. Sawa. Asubuhi ndege ikasimama tayari.

Wafiwa wakaja. Jeneza lilikuwa la mninga, limenakshiwa, na vishikio vya shaba. Bwana Maganga alikuwa amempenda ndugu yake kwa mbao. Walilishusha wanaume wakihema. Nyuma yake akaja mjane, Pili, mwanamke mdogo mdogo aliyejifunika kanga hadi usoni, na shangazi wa marehemu, bibi kizee mkavu mwenye fimbo. Nikawapa pole wote. Halafu nikaonyesha mzani.

Bwana Maganga akatazama mzani, akanitazama mimi. "Unataka kufanya nini?"

"Tupime, baba. Rubani anahitaji uzito."

"Ndugu yangu si gunia la mahindi."

"Si gunia, baba, lakini—"

"Hapimwi! Mwanadamu amekufa, mnamtupa kwenye mzani wa dalali mbele ya mkewe? Andika chochote. Andika jeneza na mtu, kadiria."

"Asiyepimwa haruki," nikasema. Na safari hii nilinyanyua uso.

Msidhani nilifurahi. Alikuwa na haki ya kukasirika. Hata mimi ningekuta watu wamemweka marehemu mume wangu juu ya ule mshale, ningewapiga kwa huohuo. Lakini sikujua mbao ile ina uzito gani, na Frank alikuwa na mke mjamzito nyumbani.

Bwana Maganga akapiga simu. Simu yangu ikalia. Ni Bwana Salumu.

"Mama Seche, nakuomba. Huyu ndiye anayetulisha. Mpandishe tu ndugu yake."

"Asiyepimwa haruki."

"Ni maiti, mama!"

"Ndege haijui, Bwana Salumu."

Akakata. Nikamgeukia Kapteni Frank anisaidie. Kapteni Frank alikuwa amechuchumaa anaitazama tairi kwa makini sana, kama vile imempa siri. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yanajipanga. Bwana Maganga amesimama huku, mimi nimesimama kule, jeneza liko katikati kwenye vigogo viwili, na Pili ameketi chini ameegemeza kichwa kwenye ubao. Nilimtazama mara moja tu. Kila dakika tuliyosimama ilikuwa inamla mzee mmoja kitandani huko Sikonge.

Ndipo yule shangazi akatema mate pembeni akasema, kwa sauti ya kusikika, "Wagogo hawa! Toka enzi za mababu kazi yao ni kutuzuia njiani."

Nikageuka. "Umesemaje, bibi?"

"Nimesema Wagogo! Babu zetu walikuwa wanakwenda pwani na pembe vichwani, mnawatoza hongo ndiyo muwape maji. Leo tunapita na maiti, mnatutoza hongo ya mzani!"

"Ninyi Wanyamwezi?"

"Ulidhani nani, Wazungu?"

Jamani. Asubuhi yote nilikuwa nasimama na watani zangu na sijui. Jina Maganga nililiandika kwenye karatasi mara ngapi, na sikuwaza kabisa, kwa sababu mkubwa akikusemesha kwa ukali unasahau ana kabila. Kwa wale mliozaliwa juzi: Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Msibani mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Anamtukana maiti, anaziba njia, anadai faini, na anayemkasirikia ndiye mwenye aibu. Kumkatalia mtani ni kumwacha marehemu aondoke na deni.

Nikavua kile kizibao cha njano cha kazi nikakitupa juu ya meza. Nikajifunga kanga kiunoni. Nikaenda mpaka kwenye jeneza, nikaligonga kwa kiganja.

"We Mihayo! Amka! Unapita kwenye nchi ya watu bila hodi? Babu zako walipita chini wakalipa. Wewe mjanja umeona upite juu kwa juu! Nani amekudanganya juu si kwetu? Hutoki!"

Watu wakaganda. Wanaume wa Bwana Maganga wakatazamana. Shangazi akanyanyua fimbo yake, na uso wake mkavu ukaanza kupasuka pembeni mwa mdomo.

"Mgogo ombaomba wewe! Hata maiti unamwomba?"

"Maiti ndiye mzuri, bibi, hakimbii. Wazima wenu nawajua."

"Haya, unataka nini? Sema tukupe uondoe njaa yako hapa."

"Apande mzani! Mmekaa kwetu siku zote mkinywa maji yetu. Nitajuaje hamjamjaza chumvi yetu humo ndani mwende kuuza? Apimwe nione Mnyamwezi anaondoka na nini cha Ugogo!"

Pili akatoa sauti. Nusu kicheko, nusu kilio, sijui ipi ilianza. Akaishusha kanga usoni. "Mihayo alikuwa anauogopa mzani," akasema. "Alikuwa mwembamba. Alikuwa anasema hata kliniki ya watoto watamcheka."

"Basi leo tumcheke!" nikasema, na machozi yangu yalikuwa yameshafika kidevuni, maana utani wa msibani hauna mtu mkavu.

Bwana Maganga akafungua mdomo. "Shangazi, hii si—"

"Nyamaza," shangazi akamwambia. "Mtani ameshasema. Unataka mdogo wako afike kwa mama yake na deni la Wagogo? Mbebeni!"

Wakambeba. Wakamweka juu ya mzani polepole, na mimi nikishika upande mmoja. Hakuna aliyemwona gunia. Mshale ukapanda, ukapanda, ukakaa mahali ambapo Kapteni Frank aliacha kuitazama tairi. Mwalimu alikuwa mwembamba kweli. Mninga ndio ulikuwa umeshiba. Frank akaandika, akafuta, akaandika.

"Kwa kipande kile cha kutua," akasema taratibu, "jeneza na mtu mmoja. Mwepesi."

Halafu Bwana Maganga akasema, "Mimi ndiye mkubwa. Nitakwenda na mdogo wangu. Pili atafuata kwa gari."

"Barabara ipi?" akauliza Pili. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimsemesha. Kila mmoja alijua hakuna barabara. Akibaki, mumewe anazikwa bila yeye.

Ukoo si wangu, sikuwa na la kusema kuhusu nani ni mkubwa. Lakini nilikuwa bado nimejifunga kanga. "Mtani wangu," nikamwambia Bwana Maganga, "una kilo ngapi?"

Hata leo ninamheshimu kidogo kwa hili. Msiba wote ule, kaka anazika mdogo wake, mvua inakuja, na bado.

"Sabini," akasema.

Shangazi akacheka mpaka akashikilia fimbo kwa mikono miwili. "Panda, Maganga! Panda na wewe ulipe hongo!"

Akapanda. Sijui kwa nini alipanda. Nafikiri alikuwa amechoka kuwa mkubwa. Mshale ulipita sabini bila kusalimia. Ulipita na mahali pengine pa heshima, ukaenda kukaa kule ambako tulikuwa tunapima mapipa. Hakuna aliyecheka isipokuwa shangazi, na yeye aliacha mwenyewe. Bwana Maganga alisimama pale juu akiutazama ule mshale kwa muda. Halafu akashuka, akavua koti lake, akamvisha Pili begani. "Juu kuna baridi, shemeji," akasema. "Mwambie mama nakuja."

Ndege ikaruka. Tulikaa tukinywa chai ambayo hakuna aliyejua ladha yake, mpaka Frank alipopiga simu kutoka kule. Walitua, tairi likaishia kwenye tope lakini likasimama. Mama mtu alibebwa na kitanda chake mpaka nje, akamshika mwanawe uso, akasema, "Umekonda." Mvua ikaanza wakiwa wanafukia. Jioni mzee akanywa uji. Pili ndiye aliyemnywesha.

Sasa msubiri mnisikie vizuri, maana najua mnavyopenda hadithi zinazoisha kwa mtu kupewa zawadi. Mwezi uliofuata safari zote za Bwana Maganga zilihamia kwa kampuni nyingine. Aibu ya mzani ni nzito kuliko deni la utani. Bwana Salumu akauza ndege moja, na msimu mzima akawa ananipita mlangoni kama unavyompita mgonjwa wa surua. Na sitawadanganya: huenda ndege ingebeba wote watatu, jeneza na shaba zake, Pili na Maganga, ikatua vizuri kabisa. Sijui. Hakuna anayejua. Ukifanya kazi hii sawasawa hakitokei kitu, na kisichotokea hakiji kukutetea kwa mwajiri. Mtu pekee aliyenikumbuka ni yule shangazi. Alituma dumu la asali ya Tabora kwa dereva wa lori, na ujumbe wa mdomo: "Mpe yule Mgogo mlafi, hongo yake hiyo, asije akaziba njia ya peponi."

Niliikomba kwa kidole.

Basi mkaniaga. Mlifanya vizuri, soda zilikuwa baridi, na keki yenye umbo la ndege mlimpa kisu cha kuikata mtu mwenye njaa kuliko wote. Sikutegemea wageni wale. Nimekaa kwenye kiti cha maua, naona wanaingia: Pili, amenenepa vizuri; shangazi, amekauka zaidi lakini bado ana fimbo; na Bwana Maganga, amestaafu naye, amevaa kandambili. Ujanja wenu wote niliuona: mlikuwa mmepanga pamoja nao. Pili anamwoza binti aliyeachwa na mwalimu Mihayo, na wamekodi ndege yetu ije inichukue mimi, mtani, nikae mbele harusini. Tuondoke hapohapo, siku ileile.

Nilijisikia vizuri. Naandika ukweli, nilijisikia vizuri kama mtu.

Mpaka tulipofika mlangoni. Mzani uleule, umepigwa rangi ya bluu. Neema, binti niliyemfundisha mwenyewe na kumwachia meza yangu, amesimama na karatasi. Nyuma yangu Bwana Salumu, Kapteni Frank, mafundi, wapika chai, na wateja wawili watatu ambao niliwahi kuwaambia waweke miguu yote miwili. Kelele ikaisha. Shingo zote zikarefuka kama za mbuni.

"Mtani," akasema Bwana Maganga, na alikuwa amesubiri neno hilo miaka, "lipa hongo. Panda."

"Panda, Mgogo!" akasema shangazi. "Tuone mlenda unakwenda wapi."

Wakacheka. Mimi nikasimama. Nilikuwa nawaza harusi, nawaza Pili, nawaza ule mshale. Bwana Salumu, ambaye uzee umemfanya mpole, akanihurumia. Akamgusa Neema kiwiko.

"Mwacheni bibi wa watu," akasema. "Andika sabini."

Na Neema, Neema wangu, niliyemlea kwenye kaunta ile, akainamisha kichwa akaweka kalamu kwenye karatasi.

Harusini nilifika kwa basi, msinililie. Nilicheza mpaka shangazi akanirushia kanga, na nikamtukana bwana harusi ipasavyo. Lakini pale mlangoni nilichukua kalamu kutoka mkononi mwa Neema, nikaifunga kifuniko chake, nikamrudishia. Halafu nikamwambia, mbele yao wote, bila kunyanyua uso:

"Asiyepimwa haruki."